Kidole kimoja hakivunji chawa: barua ya wazi kuhusu vifaa vya kuondolea uvimbe wa utumbo mpana

Kwa ninyi mnaosimamia hospitali, mnaotia saini zabuni za vifaa tiba, na mnaoamua bima ilipe nini na iache nini,

Salamu na heshima zangu ziwafikie.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi, yaani chumba cha kutazama ndani ya mwili kwa kamera. Kazi yangu ni kusimama ubavuni mwa daktari na kufungua na kufunga kitanzi. Daktari akipitisha kamera kwenye utumbo mpana na kukuta kinyama kimeota ukutani, hukizungushia kitanzi cha waya, kisha huniambia "funga", nami hufunga taratibu. Waya ukibana, vidole vyangu hujua jambo ambalo skrini haionyeshi, kama tumeshika utando peke yake au tumebeba na msuli ulio chini yake. Kwenye mpini huwa naweka alama ya kalamu. Kitanzi kikigoma kufika kwenye alama ile, nasema, "Daktari, tumeshika kitu kinene," naye hulegeza, tunaanza upya. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na haya ninayowaandikia nimeyaona nikiwa nimesimama pale pale.

Nawaandikia kwa sababu ya mama mmoja. Alikuja akilalamika damu kidogo chooni. Upande wa kulia wa utumbo wake mpana, karibu na unapoanzia, tulikuta uvimbe bapa umetandaa kama mkeka, upana wake sentimita 4. Rangi yake na mistari iliyo juu yake haikuwa na dalili ya saratani iliyozama. Daktari aliutazama kwa muda mrefu, akaupiga picha, akaniuliza tuna nini kabatini. Tulikuwa na vitanzi, sindano na klipu mbili, vile vibanio vidogo vya chuma. Kisu cha kuchania tabaka la chini hatukuwa nacho. Maji mazito ya kuinulia uvimbe hayakuwapo, wala gesi ya kaboni dayoksaidi, wala kifaa chochote cha kuvuta uvimbe wakati wa kukata. Maombi ya vitu hivyo yalikuwa yamelala ofisini tangu bajeti iliyotangulia.

Mama yule akapelekwa kwa madaktari wa upasuaji. Wakamkata sehemu yote ya kulia ya utumbo mpana na kuunganisha ncha mbili zilizobaki. Walifanya kazi yao vizuri, sina lawama kwao. Kidonda kikaingia wadudu, akalala wodini majuma kadhaa. Majibu ya maabara yaliporudi, hapakuwa na saratani hata chembe. Siku ya kuja kuonana na daktari alinikuta kwenye korido, akanishika mkono, akauliza: "Mwanangu, kama haikuwa saratani, mbona wamenikata?"

Swali lile nalileta kwenu, maana jibu lake haliko chumbani kwetu. Liko katika mafaili mnayotia saini.

Najua hoja inayotolewa. Uvimbe umetoka, mgonjwa yu hai, kuna nini tena? Lakini kumkata mtu utumbo kwa uvimbe usio saratani si jambo dogo. Nchini Marekani walipitia kumbukumbu za wagonjwa 12,732 waliofanyiwa upasuaji wa namna hii kati ya mwaka 2011 na 2014, wote wakiwa na vinyama visivyo na saratani. Asilimia 14 walipata madhara makubwa, na asilimia 0.7 walikufa ndani ya siku 30. Wapo waliorudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili, na wapo walioondoka na mfuko wa kinyesi ubavuni. Hao ni watu walioingia hospitali na uvimbe ambao, kwa sehemu kubwa, mkono uliozoea na wenye vifaa ungeweza kuutoa kwa njia ya haja kubwa, mgonjwa akaenda nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Na tatizo lenyewe si dogo. Saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, ilipata watu zaidi ya milioni 1.9 duniani kote mwaka 2022, ikaua zaidi ya 900,000. Nyingi ya saratani hizo huanza kama kinyama kisicho na madhara ambacho huchukua miaka, mara nyingi hata 10, kabla ya kugeuka. Muda huo ndio nafasi yetu. Kila kinyama kinachotolewa mapema huenda ni saratani moja iliyozuiwa.

Tiba hii yote ilijengwa na vitu vidogo, wala sisemi hivyo kwa kuipuuza mitambo mikubwa. Kabla ya mwaka 1969, kinyama kilichoota juu ndani ya utumbo mpana hakikuwa na njia ya kutoka isipokuwa kupasua tumbo. Mwaka huo, jijini New York, daktari William Wolff na daktari Hiromi Shinya walipitisha waya uliopindwa kitanzi ndani ya kamera ndefu, wakakikata kinyama kwa umeme, wakakitoa na tumbo halikuguswa. Kamera ilikuwapo tayari. Waya ndio uliofungua mlango.

Ikaja sindano. Ukuta wa utumbo mpana una unene wa milimita chache tu, nao una matabaka. Juu kuna utando ambako uvimbe huotea, chini yake tabaka laini lenye mishipa ya damu, kisha msuli. Ukidunga maji ya chumvi katika lile tabaka laini, utando huinuka kama godoro linalojazwa upepo, uvimbe ukatengana na msuli, na kitanzi kikapata mahali pa kupita bila kutoboa. Kwa vinyama vilivyo chini ya sentimita 1 siku hizi hata umeme hauhitajiki, kitanzi cha baridi kinatosha na ni salama zaidi.

Ugumu huanza uvimbe unapozidi sentimita 2. Hapo kitanzi hakiwezi kuubeba wote kwa mara moja, kwa hiyo huukata vipande vipande. Njia hii ni ya haraka na imeokoa watu wengi, lakini kingo hubaki na mabaki yasiyoonekana kwa macho, na uvimbe hurudi. Madaktari wa Australia walijaribu jambo rahisi kabisa. Baada ya kumaliza kukata, walitumia ncha ya kitanzi kile kile kuunguza taratibu kingo zote za kidonda. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019, uvimbe uliorudi ulishuka kutoka asilimia 21 hadi asilimia 5 hivi. Hawakununua kifaa kipya. Nalitaja hili mapema ili msije mkadhani kila ninachoomba kina ankara nyuma yake. Kama kuna chumba cha endoskopi kilicho chini yenu ambako kingo bado haziunguzwi baada ya kukata vipande, anzieni hapo kesho asubuhi. Mafunzo na mashine ya umeme iliyopangwa sawasawa vinatosha.

Lakini vipande vina kasoro nyingine ambayo kuunguza hakuiponyi. Mtaalamu wa patholojia, yule anayechunguza nyama maabara, akipokea vipande sita ndani ya chupa, hawezi kuvipanga akajua ukingo wa kweli uko wapi, wala saratani kama ipo imezama kiasi gani. Kwa uvimbe unaoshukiwa kuwa na saratani changa, tofauti ya kuzama milimita 1 au zaidi ndiyo inayoamua kama mgonjwa amepona au anahitaji kukatwa utumbo na tezi zake. Ukimpa kipande kimoja kizima, kimenyooshwa na kubanwa kwa pini juu ya ubao, anasoma kila kitu.

Wajapani ndio waliotafuta njia ya kutoa uvimbe mpana ukiwa mzima, kwa kukata ukingo wake kisha kuchana tabaka laini lililo chini yake. Katika miaka ya 1990, madaktari wa Kituo cha Taifa cha Saratani cha Japani walitengeneza kisu cha umeme chenye kijipira cha kauri kwenye ncha, ili ncha isiweze kutoboa ukuta hata mkono ukiteleza. Walianza na tumbo la chakula, ambalo ukuta wake ni mnene. Vikafuata visu vya ndoano, visu vifupi vya milimita moja na nusu au mbili, na visu vinavyorusha maji kutoka kwenye ncha ile ile inayokata, ili daktari akihitaji kuinua utando tena asilazimike kutoa kisu, kuingiza sindano, kutoa sindano na kurudisha kisu. Mtu ambaye hajawahi kusimama pale kwa saa mbili hawezi kujua ni dakika ngapi zinaliwa na kubadilisha vifaa, na ni mara ngapi damu huanza kutoka wakati kisu kiko nje. Bima ya afya ya taifa ya Japani ilikubali kulipia njia hii kwa tumbo la chakula mwaka 2006, na kwa utumbo mpana mwezi Aprili 2012. Walipaji wa bima, naomba mzitazame tarehe hizo. Ujuzi ulikuwapo miaka mingi kabla, lakini uliingia katika orodha ya malipo kwa sababu kuna watu waliokaa mezani wakaamua.

Sasa nifike kwenye ninalolitaka hasa.

Daktari wa upasuaji ana mikono miwili, na msaidizi wake ana mingine miwili. Mmoja huvuta nyama, mwingine hukata. Aliyewahi kuona mnyama akichunwa anajua kwamba kisu hakifanyi kazi kubwa, kazi kubwa hufanywa na mkono unaovuta ngozi. Ngozi ikivutwa, ule utando mweupe katikati huonekana wenyewe, na kisu kinapita bila kugusa nyama. Ngozi ikilegea, hata fundi mzoefu atatoboa.

Daktari wa endoskopi hana mkono wa kuvuta. Mkono wake wa kushoto umeshika magurudumu ya kamera, wa kulia umeshika bomba lenyewe. Kisu kinatokea kwenye tundu moja lenye upana wa milimita 3 na kidogo, pembeni mwa jicho la kamera, kwa hiyo kinakwenda kule kule jicho linakotazama. Akishakata ukingo na kuanza kuchana chini, utando uliokatwa humwangukia mbele ya kamera kama pazia. Hapo anachana huku haoni vizuri, kwenye ukuta wa milimita chache, ndani ya utumbo unaopindapinda na kusogea kila mgonjwa anapovuta pumzi. Katika taarifa nyingi za njia hii, ukuta hutoboka kwa kama wagonjwa 5 kati ya 100. Matundu mengi huzibwa hapo hapo kwa klipu na mgonjwa hupona, lakini mimi niliyesimama pale nimeuona uso wa daktari dakika ile, na siwezi kuliita jambo la kawaida. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tumekuwa tukimdai daktari avunje kwa kidole kimoja.

Vifaa vya kuvutia ndivyo kidole cha pili. Vipo, vimejaribiwa, na vingi ni vidogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni klipu iliyofungwa uzi. Unaibana kwenye ukingo wa uvimbe, uzi unatokea nje kwa njia ya haja kubwa, nami nauvuta taratibu au kuufunga uzito mdogo. Kuna madaktari wanaotumia uzi ule ule wa kusafishia meno. Unafaa sana kwenye puru na sehemu ya chini ya utumbo mpana. Shida yake ni kwamba lazima kamera itolewe nje ili klipu ifungwe uzi, kisha irudi ndani, na mvuto una upande mmoja tu, kuja kwetu. Kwa uvimbe wa mama yule, mwisho wa njia upande wa kulia, usingemfaa.

Ndipo yakaja mawazo ya kuvuta kutoka ndani. Klipu moja yenye springi ndogo na kitanzi cha uzi inabanwa kwenye ukingo wa uvimbe, kisha klipu ya pili inakishika kile kitanzi na kukibana kwenye ukuta wa upande wa pili wa utumbo. Springi inavuta. Madaktari wa Ufaransa wamefanya hivyo kwa mpira mdogo badala ya springi, klipu ya kwanza ikishika uvimbe pamoja na mpira, ya pili ikiupeleka mpira ukutani ng'ambo. Uzuri wake ni huu: ukipuliza gesi, utumbo hutanuka, kuta mbili huachana na mvuto huongezeka. Ukifyonza gesi, mvuto hupungua. Daktari anaongoza mkono wake wa pili kwa kidole kimoja kwenye kitufe cha hewa. Mara ya kwanza nilipokiona nilinyamaza. Pazia lililokuwa likianguka mbele ya kamera lilisimama wima, na tabaka la chini, lililotiwa rangi ya buluu, likafunguka kama ukurasa. Daktari akachana mstari hadi mstari. Kisha vikaja vifaa vyenye vitanzi kadhaa vinavyoshika kingo sehemu mbalimbali, na uzi unaoweza kukazwa tena kadiri kazi inavyosonga, maana mvuto wa mwanzo hulegea uvimbe unapokwisha kuchanwa nusu.

Vingine nitavipitia haraka, si kwa kuwa havina maana. Kofia angavu ya plastiki inayovikwa ncha ya kamera humsaidia daktari kuingia chini ya utando na kuunyanyua kwa ukingo wa kofia. Bila hiyo hata visu bora ni kazi bure, na ni katika vifaa rahisi kuliko vyote nilivyotaja. Maji mazito yenye asidi ya hayaluroniki, au jelatini, hukaa chini ya uvimbe muda mrefu kuliko maji ya chumvi, ambayo hunywea dakika chache baada ya kudungwa. Mabomba yenye maputo huishikilia kamera isiteleze kwenye utumbo wenye mikunjo mingi. Koleo za kukausha damu huukamata mshipa kabla haujapasuka. Na kuna kifaa kinachobana klipu kubwa kama mtego nyuma ya uvimbe kisha kukata ukuta mzima mbele yake, kwa ajili ya uvimbe mdogo wenye kovu usioinuka kwa sindano.

Gesi ya kaboni dayoksaidi naipa aya yake. Mwili huinyonya haraka sana kuliko hewa ya kawaida. Mgonjwa aliyepulizwa hewa kwa saa mbili huamka tumbo limejaa kama ngoma, akigaagaa, na ukuta ukitoboka hewa ile hutoka nje ya utumbo ikakaa huko. Aliyepulizwa kaboni dayoksaidi huamka akiuliza chai iko wapi. Kinachohitajika ni mtungi na kidhibiti. Sijawahi kuelewa kwa nini chumba kinanunuliwa kamera mpya lakini mtungi unasubiri awamu ijayo.

Na klipu za kufungia kidonda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia waliotolewa vinyama vya sentimita 2 na zaidi. Waliofungwa kidonda kwa klipu, asilimia 3.5 walitokwa damu nyingi baadaye. Wasiofungwa, asilimia 7.1. Faida yote ilikuwa kwa vinyama vya upande wa kulia. Kwa hiyo msituambie tufunge kila kidonda, wala msitupe klipu mbili kwa juma. Mtuulize uvimbe uko upande gani.

Naogopa barua hii ikisomwa haraka mtaagiza sanduku la visu na kudhani mmemaliza. Kisu bila mafunzo ni hatari kuliko kitanzi. Wanaojifunza vizuri huanza kwa kutazama, kisha utumbo wa nguruwe uliokwisha kutolewa, kisha uvimbe wa puru, ambako ukuta ni mnene na tundu likitokea si rahisi lifungukie tumboni, na ndipo huenda juu. Na kabla ya yote hujifunza kutazama. Kwa rangi, kwa mwanga wa buluu, kwa kukuza picha, mtu aliyefundishwa huutambua uvimbe ambao haupaswi kuguswa na kamera kwa sababu saratani imeshazama. Huyo mgonjwa anahitaji upasuaji, na anahitaji haraka. Sidai kwamba endoskopi ishinde upasuaji. Nadai kila mgonjwa apate tiba inayostahili uvimbe wake.

Wala sidai kila uvimbe mpana uchanwe mzima. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha njia hizo mbili kwa vinyama visivyo saratani vya milimita 25 na zaidi. Baada ya miezi 6, uvimbe ulirudi kwa asilimia 0.6 ya waliochanwa kipande kizima, na asilimia 5.1 ya waliokatwa vipande. Lakini kuchana kulichukua muda zaidi na kulikuwa na madhara zaidi. Madaktari wenye busara bado wanabishana juu ya nani afanyiwe ipi, na mimi muuguzi siwezi kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba chumba kisicho na vifaa hakina cha kubishania. Kinajua njia mbili tu, kitanzi au kisu cha tumboni.

Ninyi mnaosimamia zabuni, nina ombi ambalo limenikaa kooni. Kamera inaponunuliwa, picha hupigwa, utepe hukatwa. Vifaa vidogo, vinavyotumika mara moja na kutupwa, havina sherehe, navyo huachwa kwenye fungu la "matumizi mengineyo". Baada ya miezi kadhaa kamera nzuri inatazama uvimbe ambao haiwezi kuutoa. Andikeni vifaa hivi ndani ya mkataba ule ule wa kamera, pamoja na namna vitakavyojazwa vinapokwisha. Msinunue klipu au visu visivyokubaliana na upana wa tundu la kamera mliyo nayo. Nimeshika mkononi boksi zima la vifaa visivyopita, vilivyochaguliwa na watu ambao hawakutuuliza swali hata moja. Na msitusukume kurudia kifaa kilichotengenezwa kwa matumizi ya mara moja. Pale mnapochelewesha oda ndipo jaribu hilo huingia chumbani, na anayeachwa na uamuzi huo saa mbili usiku ni muuguzi.

Walipaji wa bima, tazameni mnachotuza. Kumkata mtu utumbo kuna msimbo wake, malipo yake na siku zake za wodini. Kuchana uvimbe kwa saa mbili au tatu kupitia kamera, mahali pengi, hulipwa kama kutoa kinyama cha dakika tano, na kifaa cha kuvutia hakilipwi kabisa. Hospitali inayofanya jambo jema inapata hasara kwa kila mgonjwa. Msishangae basi mkipokea madai mengi ya upasuaji. Wekeni malipo yanayotambua muda na vifaa, na mdai picha za uvimbe na majibu ya patholojia pamoja na kila dai. Zaidi ya hapo, msiidhinishe upasuaji wa uvimbe usio na ushahidi wa saratani mpaka picha zake zimeonwa na mtu anayefanya kazi hii kila siku. Picha hutumwa kwa dakika moja.

Na ninyi mnaosimamia vituo vidogo ambako uvimbe hugunduliwa kwanza, wafundisheni watu wenu jambo moja: wasiguse wasichoweza kukimaliza. Mara nyingi tunaletewa mgonjwa ambaye uvimbe wake ulijaribiwa kukatwa nusu ukaachwa, au umenyofolewa nyofolewa kwa ajili ya vipimo, au wino wa kuwekea alama ulidungwa chini yake kabisa. Vyote hivyo huacha kovu linalogandisha utando kwenye msuli. Maji hayauinui tena, na kazi ya dakika 40 inageuka ya saa tatu yenye hatari maradufu. Wapige picha, waweke wino mbali kidogo na uvimbe, waandike umbali, wamlete mgonjwa.

Mama niliyemtaja anaendelea vizuri. Hurudi kila anapopangiwa kupimwa, na safari hii ya mwisho tulimtoa kinyama kingine, cha milimita 6, kwa kitanzi cha baridi. Dakika tatu. Alitazama skrini mwenyewe, akauliza kama ndiyo imekwisha. Nikamwambia ndiyo, mama, imekwisha.

Kikao chenu kijacho cha vifaa kikipangwa, mwiteni na muuguzi mmoja anayeshika kitanzi. Nitakuja na klipu, mpira, uzi na kofia ya plastiki juu ya sinia, pamoja na kipande cha utumbo wa nguruwe, na nitawaomba nusu saa. Kila mmoja wenu achane kwanza kwa mkono mmoja, kisha achane tena mimi nikimvutia.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa chumba cha endoskopi